Mtu Haamshwi

Mnyauko wa migomba ulipoingia Ijuganyondo ulianza kwa jirani, ukavuka mpaka, ukamaliza kibanja chote cha Rugaibula, shamba lililozunguka nyumba yake. Majani yaligeuka manjano mikungu ikiwa haijakomaa, na ukikata ndizi ulikuta ndani imeoza. Bwana shamba alikuja, akatazama, akasema dawa hakuna: ng'oa, fukia, usipande tena mpaka udongo upumzike. Rugaibula akang'oa. Aling'oa hata ile migomba iliyozunguka makaburi ya baba yake na babu yake. Alipomaliza, nyumba yake ilibaki uchi. Mpita njia aliweza kuona mpaka jikoni.

Katika nchi ya Wahaya, mwanamume mwenye mji wake hanunui ndizi. Nyama atanunua, sukari atanunua, lakini ebitoke hutoka nyuma ya nyumba. Kwa hiyo siku mkewe Kokubanza aliporudi kutoka sokoni Bukoba mchana kweupe na mkungu kichwani, Rugaibula aliutazama ule mkungu, akaingia chumbani, akajilaza. Hakutoka kula. Kesho yake hakutoka pia.

Kokubanza alidhani ni malaria. Alimpeleka hospitali, vipimo vikaonyesha hana kitu. Daktari aliongea naye faraghani, kisha akamwita mke, akamwambia huzuni ya namna ile ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Akatoa vidonge, akasema, "Mama, usimwache peke yake. Na usimlazimishe mambo makubwa. Mpe madogo."

Hayo ndiyo maneno pekee aliyokuwa nayo Kokubanza alipoanza kazi ile. Mengine aliyatafuta mwenyewe.

Alikuwa fundi cherehani, mashine yake iko barazani, na binti yao mmoja, Joyness, alikuwa chuoni Mwanza. Nyumbani walibaki wawili. Kila asubuhi Kokubanza alichemsha maji, akayapeleka bafuni, akasimama mlangoni mwa chumba. Hakusema amka. Alisema, "Baba Joyness, maji yatapoa." Mume alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, asiyependa kuharibu kuni za mtu, na mwishowe aliinuka. Akishaoga alikuta shati limepigwa pasi. Akishavaa, kulala tena kulikuwa na uzito wake.

Vidonge alimpa mkononi, akasimama hapo hapo mpaka vimezwe.

Alikuwa amekonda sana. Suruali zake zilimpwaya mpaka akazikunja kiunoni na kuzifunga kamba, na alipopita mbele ya kioo cha kabati aligeuza uso. Kokubanza alizichukua moja moja, akasema anazifua, akazipunguza kiunoni na mapajani, akazirudisha kabatini bila kusema neno. Mashati nayo akayabana mabegani. Miezi ilipopita na nyama zikaanza kurudi, alifumua tena mshono kidogo kidogo, na suruali ikaendelea kumkaa mtu yule kama iliyokatwa jana.

Kisha akatafuta vijishughuli. Alimwambia nguvu zimemwishia, amsaidie kufungulia kuku. Baadaye akamtuma uzi dukani, pale pale njia panda. Siku ya kwanza alirudi na rangi isiyo yenyewe, na Kokubanza akashonea ule ule. Alimfuata jirani yao, mzee Kahangwa, akamwomba aje kumuuliza mume wake habari za kupogoa mibuni.

"Mimi nimepogoa mibuni tangu nikiwa mtoto," Kahangwa alisema. "Nimuulize nini?"

"Uliza hivyo hivyo, mzee wangu. Ujifanye umesahau."

Kahangwa akaja na kapu la buni za kutafuna, akakaa, akauliza. Rugaibula alijibu maneno machache. Juma lililofuata Kahangwa alirudi na swali jingine, na safari hiyo Rugaibula alisimama, akachukua panga, wakaenda kuangalia mibuni yenyewe. Kokubanza alikuwa kwenye cherehani. Aliwatazama wanavyokata kona, akaendelea kukanyaga mashine bila kitambaa chini ya sindano.

Haikuwa safari ya kupanda tu. Zilikuwepo siku ambazo Kokubanza aliyamwaga yale maji ya bafuni yamepoa, hayajaguswa, na siku ambayo Rugaibula alimtukana kwa Kihaya, matusi ambayo mtu humwambia mbuzi. Siku hizo Kokubanza alikwenda nyuma ya nyumba kwenye udongo mtupu, akakaa mpaka moyo utulie. Kisha mchana mmoja, wakiwa mezani, Rugaibula alionja mchuzi akaweka kijiko chini.

"Umezidisha chumvi."

Kokubanza alisema, "Pole, Baba Joyness," akatoka kama anayekwenda kuchukua maji. Huko nje alilia kwa furaha, kwa sababu mtu anayelalamikia chumvi yuko njiani kurudi.

Na kweli alirudi. Alirudi kwaya, sauti ya nne ambayo ilikuwa imepungukiwa. Ruhusa ya kupanda ilipotoka alipanda miche safi, na nyumba ikaanza kupata kivuli tena. Mwaka ule, siku ya mavuno, mchungaji alimwomba asimame mbele ya usharika awatie moyo wenzake waliopoteza vibanja.

Kokubanza alikuwa benchi la tatu. Alijua namna watu wanavyotoa shukrani kanisani: mtu husema machache, kisha humwita mkewe asimame naye. Alitengeneza kilemba chake, akaweka mkoba chini ili mikono iwe huru.

"Nililala kama maiti," Rugaibula alisema, na kanisa likatulia. "Nilioza pamoja na migomba yangu. Hakuna daktari aliyejua la kunifanya. Sikutegemea kidonge. Asubuhi moja nikajiuliza, Rugaibula, wewe ni mwanamume gani? Nikaweka miguu chini. Ndugu zangu, mtu haamshwi. Mtu huamka."

Watu waliitikia, wengine walifuta machozi. Mama mmoja aliyekaa karibu na Kokubanza alimshika mkono, akamnong'oneza, "Waitu, mwenzangu, Mungu amekupa mume." Kokubanza akaitikia kwa kichwa. Aliuokota mkoba wake, akaupakata mpaka ibada ikaisha.

Kuanzia hapo wakamwalika. Kwanza ni sharika za jirani, halafu vikundi vya vijana Nyanga, halafu semina Muleba kwa wakulima waliokumbwa na mnyauko. Redio moja ya mjini ikampa kipindi cha Jumamosi asubuhi. Alikuwa na sauti nzuri na hakuwa mwongo wa kubuni. Aliwaambia watu waamke mapema, waoge, wavae nguo safi hata kama hawatoki, watafute jambo moja dogo walimalize kabla ya jua kukolea, watoke wakatembee japo mpaka dukani, wasikatae mtu anayekuja kuomba ushauri. Kokubanza alisikiliza huku anashona. Kila neno alilitambua, kama fundi anavyoitambua nguo yake kwenye mwili wa mtu asiyemjua. "Hata mavazi," Rugaibula alisema redioni siku moja, "mimi sikukubali kukonda. Mwili ulipoyumba niliuambia simama, ukasimama. Suruali zangu ni mashahidi."

Jioni hiyo Kokubanza alimwekea chakula, akakaa mbele yake.

"Baba Joyness, suruali nilizipunguza mimi."

"Suruali gani?"

"Zote. Ulikuwa umekonda. Nilizipunguza, halafu nikaziachia uliponenepa."

Rugaibula alitafuna polepole. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeambiwa habari ya ukoo wa mbali. "Ulifanya vizuri," alisema.

"Na Kahangwa nilimtuma. Na vidonge ulikunywa, nilikushikia kikombe."

"Mama Joyness, unataka niseme nini? Watu wanakuja wameshavunjika. Yuko mjane, yuko kijana ambaye hana hata mbwa wa kumpokea mlangoni. Nikisema mke wangu ndiye aliyeniinua, asiye na mtu afanye nini? Arudi akalale?"

Neno lile lilikuwa na haki ndani yake, na ndiyo maana halikumezeka. Kokubanza alisema, "Si lazima uwaambie wao. Ningetaka ulijue wewe."

"Ninajua," alisema Rugaibula, akavuta bakuli la maharage. "Nimesema ulifanya vizuri."

Mvua za mwaka ule zilipoanza, mama yake Kokubanza alifariki huko kwao Muleba. Alikuwa mzee, hakuna aliyesema kifo kilimwonea. Kokubanza alizika, akapika msibani, akalala chini na wanawake wenzake, akaosha masufuria yote, akarudi Ijuganyondo akakaa kwenye cherehani yake, akagundua hawezi kutia uzi kwenye sindano. Si macho. Mkono uliinuka, ukafika nusu, ukarudi. Aliacha. Kesho yake alijaribu tena, akaacha mapema zaidi. Sare za kwaya alizopewa kushona zikabaki mezani zimekatwa mikono na migongo. Mwishowe alikuwa anaamka akiwa amechoka, na asubuhi nyingine haamki.

Rugaibula hakuwa mkatili. Hilo Kokubanza alilisema hata baadaye, watu walipotaka aseme vingine. Alifungua madirisha ya chumba kwa kishindo, akasema hewa safi ni dawa. Alimwambia atabasamu hata kama hajisikii, kwa kuwa uso huufundisha moyo. Alimwambia aseme kwa sauti mambo matano ya kushukuru, na Kokubanza alipoishia la pili, Rugaibula akamwambia, "Unaona? Hujataka." Hospitali hakumpeleka. Alikuwa amekwisha kuwaambia watu wengi mno kwamba vidonge havina kazi. Saa nne alikuwa tayari amevaa, pikipiki inamsubiri, anakwenda kuwainua wengine. Bafuni mlikuwa na ndoo ya maji ya bomba.

Jumamosi moja, kabla ya kutoka, aliweka redio kwenye stuli karibu na kitanda, akaitafutia kituo. "Leo nitaongea mambo yatakayokufaa," alisema kwa upole. "Usizime."

Kokubanza hakuzima. Alilala amegeukia ukuta, akasikiliza sauti ya mumewe ikitoka mgongoni kwake, ikiwasalimu wasikilizaji wa Bukoba, Muleba, Karagwe na visiwani. Mama mmoja alipiga simu, akauliza afanye nini na ndugu yake ambaye ameshauriwa yote na bado hainuki.

"Mama yangu, pole," Rugaibula alijibu. "Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kulisema. Hata mimi, chini ya paa langu, yuko mtu aliyekataa kuinuka. Namwonyesha njia kila siku. Lakini mtu haamshwi. Ukimbeba atakuvunja mgongo. Tunamwombea, na tunaendelea na safari."

Mtangazaji alisema pole sana mzee. Ukapigwa wimbo.

Kokubanza hakulia. Alinyoosha mkono, akachukua simu, akampigia dada yake Jenifa, ambaye alifanya biashara ya dagaa kisiwani Goziba na alikuwa amevuka kuja Muleba kuuza mzigo.

"Dada, nije kwako."

Jenifa hakuuliza kuna nini. "Nguo za baridi unazo? Huko upepo haulali. Kesho nitakufuata."

Alimfuata kweli. Rugaibula alimpokea shemeji yake kwa heshima, akasema kubadilisha mazingira ni wazo jema, hata yeye huwashauri watu hivyo.

Goziba ni mwamba na mabati. Vibanda vimebanana kutoka majini mpaka juu, watu wametoka kila upande wa ziwa, na harufu ya samaki huingia mpaka kwenye chai. Kokubanza alilala siku za kwanza kwenye kibanda cha dada yake, na Jenifa alimwacha. Kisha asubuhi moja Jenifa alimtikisa mguu.

"Koku, shika upande wa pili wa turubai. Peke yangu siwezi."

Kokubanza alijua. Alikuwa bado amelala, macho hayajafunguka vizuri, na alijua kabisa kwamba Jenifa ameanika dagaa miaka mingi bila mtu wa kumshikia turubai. Aliijua kazi ile ilivyoshonwa. Akakaa kitako, akashika.

Kuanzia hapo akawa anawageuza dagaa. Kazi ya kuchosha mgongo na kuachia kichwa. Siku nyingine aliifanya nusu akarudi kulala, na Jenifa akamalizia. Kulikuwa na zahanati pale kisiwani, Jenifa akampeleka, akapewa barua ya kwenda kuonwa hospitali Muleba, akaenda, akapewa vidonge. Hivyo alivimeza mwenyewe.

Mwenye mtumbwi aliyewauzia dagaa alikuwa Msukuma mmoja, Mhoja, mtu mpole mwenye simu kubwa iliyofungwa mpira. Asubuhi moja alikuja akiwa ameifungulia sauti, na Kokubanza akaitambua ile sauti kabla haijamaliza salamu.

"Huyu bwana namsikiliza kila Jumamosi," Mhoja alisema, akiweka ndoo chini. "Mwaka jana mke wangu aliondoka na watoto. Nilikuwa nimefika mahali pabaya, mama. Nilikuwa nayaangalia maji haya vibaya. Huyu ndiye aliyenitoa. Kuoga, kuvaa, kumaliza jambo moja. Nilifanya hivyo hivyo kama anavyosema."

"Na ukapona," Kokubanza alisema.

"Nikapona. Anasema kweli yule mtu."

"Ndiyo," Kokubanza alijibu. "Anasema kweli."

Alipokea ndoo. Jenifa, aliyekuwa anasikia yote, alitaka kufungua mdomo, na Kokubanza akamkata kwa macho. Angemwambia Mhoja nini? Kwamba maji yale yalichemshwa na mtu? Hapo kisiwani Mhoja alikuwa amejichemshia mwenyewe.

Rugaibula alikuja siku ya soko. Alishuka kwenye boti amekunja suruali asilowane, amevaa shati jeupe na viatu mkononi, na vijana wawili mwaloni walimtambua kwa sauti wakamsalimu kwa mikono miwili. Alimkuta mkewe juani kwenye dagaa, amejifunga kanga kichwani, amekonda.

"Mama Joyness. Unaonekana vizuri," alisema, na alikuwa anamaanisha. "Unafanya kazi, uko nje. Nilikuambia."

"Karibu, Baba Joyness."

Walikaa kwenye benchi nje ya kibanda. Jenifa alileta chai, akaondoka. Rugaibula alieleza kwamba kutakuwa na semina kubwa mjini Bukoba, wageni watatoka mpaka Mwanza, na watu wanauliza mke wake yuko wapi. Si vizuri. Angependa arudi, na siku hiyo asimame naye jukwaani, aseme maneno machache.

"Niseme nini?"

"Ukweli. Ulilala, na sasa umeinuka."

"Nani aliniinua?"

Rugaibula alitabasamu kidogo, lile tabasamu la redioni. "Unalijua jibu langu. Umejiinua."

Kokubanza alitazama mikono yake, magamba yamegandia mpaka kwenye viwiko. "Dada yangu ameniinua," alisema. "Ameniinua kila siku, na bado sijasimama vizuri. Nikija jukwaani nitasema hivyo. Nitasema na ya kwako pia."

Tabasamu likatoka. Kwa mara ya kwanza Kokubanza aliona hofu kwenye uso wa mumewe, hofu ile ile ya siku ya mkungu wa sokoni, na moyo wake, kwa mazoea tu, ukataka kukimbia kuichukua. Aliuzuia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya kisiwani.

"Utaniua," Rugaibula alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimesimama juu ya jambo hilo moja. Ukiliondoa, nitasimama juu ya nini?"

"Sijui, Baba Joyness."

"Basi kaa."

"Nitakaa."

Alikunywa chai yake mpaka mwisho, kwa adabu, akarudi na boti ya mchana.

Semina ilifanyika. Kokubanza aliijua kwa simu ya Joyness, ambaye alisafiri kutoka Mwanza kwenda kumsikiliza baba yake. Alipiga asubuhi iliyofuata, sauti yake imekwaruza kama ya mtu aliyelia.

"Mama, baba alikutaja. Alisema wewe unaumwa, uko mbali, na kwamba ukimpenda mtu kuna wakati unamwachia aende. Ukumbi wote ulisimama kukuombea. Mimi mwenyewe nilisimama. Mama, kwa nini hukuja? Angalau ungekaa pale mbele. Yeye alitoka kwenye hali ile peke yake, na bado anajitoa kwa watu wote. Wewe huoni hata kidogo alivyopambana?"

Kokubanza alifungua mdomo. Yote yalikuwepo, yamejipanga, suruali na Kahangwa na kikombe cha vidonge. Lakini mtoto alikuwa anaongea kama mtu aliyepata kitu cha kushikilia, na katika sauti ile Kokubanza alisikia uchovu ambao hakuujua, uchovu wa msichana anayelala mchana chuoni na kusingizia kichwa.

"Joyness, unakula vizuri?"

"Mama, nakuuliza jambo."

"Nimesikia. Nakuuliza unakula? Unalala saa ngapi?"

"Najitahidi kuamka mapema, kama baba anavyosema," Joyness alijibu. "Siku nyingine nashindwa. Lakini hilo ni kosa langu mwenyewe."

"Si kosa lako. Nisikilize, mwanangu. Nitakuja huko Mwanza."

"Usije, Mama. Wewe mwenyewe hujaweza kujisaidia." Haikuwa dharau. Alilisema taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa, na simu ikakatika. Kokubanza alipiga tena, haikupokelewa.

Wingu lilikuwa limeshatanda upande wa Muleba, jeusi, linakuja na upepo wake. Jenifa alipita mbio na turubai, akamwita. Kokubanza aliweka simu kifuani, akainama, akaanza kukusanya dagaa kwa mikono yote miwili, lakini mvua iliwafikia kabla hawajafika nusu.